Kadi ya Mtoto Haiishii Miezi Tisa



Kabla hamjaendelea kusoma ukurasa huu wa afya, tunawaomba wenye mtoto wa chini ya miaka miwili nyumbani waende wakailete kadi yake ya kliniki. Wengi wetu tunaitunza vizuri. Tumeifunga kwa kitambaa na kuiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo. Mkiisha kuileta, leo msitazame uzito. Tazameni sehemu ya chanjo, mahali palipoandikwa miezi 18. Je, pana tarehe na sahihi ya muuguzi, au pako wazi?

Tunauliza hivyo kwa sababu katika nyumba nyingi kliniki ya mtoto huishia miezi tisa. Akishachomwa sindano ya surua, mama hushusha pumzi na kusema, "Huyu amemaliza." Baada ya hapo mtoto anaanza kusimama, anakula ugali wa uwele kama wenzake, shamba linamngoja mama, pengine na mimba nyingine imekwisha kuingia. Kadi inarudi sandukuni. Hakuna aliyekataa chanjo. Kilichotokea ni kwamba safari imeachwa njiani.

Maoni yetu mwezi huu ni haya: kadi iliyoachwa njiani, iwe ya mtoto au ya mama mjamzito, ni hatari kwa sababu inatupa utulivu tusiostahili. Na kuimaliza kadi hiyo si kazi ya mama peke yake. Ni kazi ya baba, ya nyumba nzima, na ya Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ambamo familia hiyo husali.

TULIYOYASAHAU

Vijana wazazi wa siku hizi, wengi wao hawajapata kuona wodi iliyojaa watoto wa surua. Bibi zao wameiona. Kwa hiyo yafaa tukumbushane habari moja iliyotokea hapahapa kwetu Dodoma.

Katika miaka ya 1980 waganga wa hospitali ya Mvumi, ya ndugu zetu Waanglikana, walikuwa wakipokea watoto wengi wenye surua. Walitaka kujua kama vitamini A ingeweza kuwaokoa. Wakawachukua watoto 180 waliolazwa kwa ugonjwa huo. Watoto 88 walipewa vitamini A nyingi pamoja na matibabu ya kawaida, na wengine 92 walipata matibabu ya kawaida tu. Katika kundi la kwanza walikufa watoto 6. Katika kundi la pili walikufa 12. Matokeo hayo yalichapishwa Uingereza mwaka 1987, na mafunzo ya namna hiyo yamesaidia watoto wa nchi nyingi, kwani hata leo mtoto mwenye surua hupewa vitamini A.

Ni habari njema, nasi tunawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini tuihesabu upya kwa jicho la mzazi. Watoto 18 kati ya 180 walikufa, yaani mmoja katika kila kumi, na hao ndio waliofikishwa hospitalini wakalazwa kitandani mbele ya waganga. Waliobaki vijijini, waliofungiwa ndani na kunyimwa maji kwa imani kwamba surua haitaki maji, hakuna aliyewahesabu.

Na waliopona hawakupona wote sawasawa. Uchunguzi mwingine uliofanywa nchini mwetu miaka hiyohiyo ulionyesha kwamba surua, upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni vilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vidonda vya kioo cha jicho kwa watoto. Wako watu wazima katika vijiji vyetu ambao wanashikwa mkono kupelekwa kanisani kwa sababu ya surua waliyougua wakiwa na miaka miwili au mitatu.

Ugonjwa huo umepungua sana kwa sababu ya chanjo. Basi tumeanza kuusahau, na kwa kuusahau tumeanza kuona chanjo kama jambo la kufanya ukipata nafasi. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

KWA NINI SURUA MARA MBILI

Akina mama hutuuliza: kama sindano ya miezi tisa ni nzuri, ya miezi 18 ni ya nini? Ni swali la haki, na jibu lake linaeleweka.

Mtoto anapozaliwa huwa amebeba kinga aliyoazima kwa mama yake. Kinga hiyo humlinda miezi ya mwanzo, kisha hupungua kidogo kidogo. Ikiwa bado ina nguvu siku ya chanjo, inaweza kuizuia chanjo isishike. Ikiwa imekwisha na mtoto hajachanjwa, surua inamkuta mlango wazi. Ndiyo maana katika nchi kama yetu umechaguliwa mwezi wa tisa: si mapema mno, wala si kwa kuchelewa mno.

Hata hivyo, katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, 85 hivi ndio wanaopata kinga. Hao 15 waliobaki wamechomwa sindano, wamelia, kadi yao imeandikwa vizuri, na bado hawana kinga. Hakuna awezaye kuwatambua kwa kuwatazama. Dozi ya pili ya miezi 18 ndiyo inayowapata karibu wote.

Tufanye hesabu ya kigango kimoja chenye watoto 100 wa umri huo. Tuseme 80 walipelekwa kwa dozi ya kwanza, na hakuna aliyerudi kwa dozi ya pili. Waliopata kinga ni 68. Watoto 32 wako wazi, ingawa kijiji kitasema, "Sisi tumechanja." Na surua ni ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu magonjwa yote tuyajuayo. Mgonjwa mmoja akiwa kati ya watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza 12 hadi 18. Ili ikose pa kupita, watu 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe na kinga. Kigango chetu chenye 68 ni boma lenye ufa, na fisi hahitaji zaidi ya ufa mmoja.

Tena sindano hiyo ina jambo la pili ndani yake. Tangu mwaka 2014 chanjo ya surua nchini mwetu imeunganishwa na ya rubella. Rubella kwa mtoto ni vipele na homa ndogo tu. Lakini ikimpata mama mwenye mimba changa, mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au na moyo wenye kasoro. Mama mjamzito hapewi chanjo hiyo. Kinga yake ni watoto wanaomzunguka: wa kwake, wa jirani, na wa jumuiya. Ukimpeleka mwanao kuchanjwa unamlinda pia mtoto wa mwenzako ambaye bado hajazaliwa.

RATIBA KWA UFUPI

Tunaikumbusha hapa ili iweze kusomwa kwa sauti katika jumuiya. Pale muuguzi alipoandika tarehe nyingine kwenye kadi, ifuatwe tarehe ya muuguzi, kwa sababu Wizara ya Afya huongeza chanjo kadiri ya mahitaji.

Anapozaliwa: chanjo ya kifua kikuu, inayoacha kovu dogo begani, na matone ya kwanza ya polio.

Wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14: matone ya polio, sindano moja yenye kinga tano, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na kimelea kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia, pamoja na sindano nyingine ya kuzuia nimonia. Matone ya kuzuia kuhara kukali kunakoletwa na virusi vya rota huanza wiki ya 6, nayo hayapaswi kucheleweshwa. Wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio.

Miezi 9: surua na rubella, dozi ya kwanza.

Miezi 18: surua na rubella, dozi ya pili.

Pamoja na hayo, mtoto hupewa vitamini A kila miezi sita kuanzia umri wa miezi sita. Na wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu.

Mtoto aliyechelewa haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia. Mtoto mwenye mafua au homa ndogo anaweza kuchanjwa. Mwacheni muuguzi aamue, msiamue wenyewe kubaki nyumbani. Homa kidogo na uvimbe mahali pa sindano ni mambo ya kawaida ya siku moja au mbili. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu kisipakwe dawa yoyote, wala majivu, wala mafuta.

KADI YA MAMA NAYO

Tumesema mengi juu ya mtoto, lakini ratiba huanza kabla hajazaliwa. Mama mjamzito anayo chanjo yake ya pepopunda. Zamani ilijulikana kwa jina la TT. Siku hizi imeunganishwa na kinga ya dondakoo na huitwa Td.

Nchi ya ng'ombe kama yetu, kuanzia Bahi hadi Kongwa na Mpwapwa, haina ruhusa ya kuidharau pepopunda. Mbegu za ugonjwa huu hukaa katika udongo na katika samadi. Zikiingia kwenye kitovu kibichi kupitia wembe mchafu, au kwa kupakwa samadi au udongo, mtoto huanza kuugua siku ya tatu au baadaye katika mwezi wa kwanza. Alikuwa akinyonya vizuri, kisha anashindwa kunyonya, taya zinakaza, mwili unakuwa mgumu kama ubao na kushtuka kila anapoguswa. Wazee waliita degedege, wakatafuta aliyeroga. Aliyeroga alikuwa wembe.

Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga kama tatizo la afya ya jamii. Lakini mbegu zake hazijatoka katika mazizi yetu, wala hazitatoka. Kinachotulinda ni sindano na uzazi safi.

Dozi ya kwanza hutolewa mama anapofika kliniki mara ya kwanza. Ya pili, baada ya wiki nne au zaidi. Ya tatu, baada ya miezi sita au zaidi tangu ya pili. Ya nne, baada ya mwaka mmoja au zaidi, au katika mimba inayofuata. Ya tano vivyo hivyo. Dozi ya kwanza peke yake si ya kutegemewa. Mbili hulinda miaka mitatu hivi, tatu miaka mitano, nne miaka kumi, na tano hulinda muda wote wa kuzaa. Hapa nako tunaona ugonjwa uleule wa kuacha njiani: mama anapata mbili katika mimba ya kwanza, kadi inapotea, na katika mimba ya tatu hakuna ajuaye anadai ngapi. Mama mpenzi, kadi yako itunze hata baada ya kujifungua. Ni mali yako ya maisha.

MANENO YANAYONONG'ONWA

Hatutakuwa wakweli tukilikwepa jambo moja linalonong'onwa hata nje ya milango ya makanisa yetu, kwamba sindano ya pepopunda ni ya kufunga uzazi kwa siri. Maneno hayo yalizunguka nchi mbalimbali katika miaka ya 1990, Tanzania ikiwamo. Mwaka 2014 yalirudi kwa nguvu nchini Kenya, ambako maaskofu Wakatoliki walitilia shaka kampeni moja ya chanjo hiyo kwa wanawake, na serikali pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha.

Sisi hatumcheki anayeogopa. Mama anayeuliza sindano hii ni ya nini anafanya haki yake, na muuguzi ana wajibu wa kumjibu kwa adabu. Lakini tunaomba tupime neno hili kwa mambo tunayoyaona kwa macho. Chanjo ya pepopunda imetolewa kwa wajawazito wa nchi hii kwa miongo mingi. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu watu milioni 23 hivi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7. Wengi wa mama zetu waliochomwa sindano hiyo miaka ile waliendelea kuzaa, na wajukuu wao ndio tunaowabatiza leo. Kama ilikuwa ya kufunga uzazi, basi haikufunga.

Tena Kanisa lenyewe linaendesha hospitali na zahanati katika nchi yetu, na masista wanaotuhudumia humo ndio wanaotuchanja. Mwaka 2021, wakati wa korona, Baba Mtakatifu Fransisko alisema kuchanjwa ni tendo la upendo. Hatuoni sababu ya neno hilo kuwa kweli kwa watu wazima na lisiwe kweli kwa kitoto kichanga.

KWA NINI TUNAACHA NJIANI

Ni rahisi kuwalaumu akina mama, na kwa miaka mingi lawama imekuwa ndiyo dawa yetu. Haijaponya kitu. Tuangalie sababu zenyewe.

Kwanza ni umbali na majira. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili hivi. Ukipoteza wiki moja ya palizi, unaweza kupoteza chakula cha mwaka. Mama anayeambiwa aje kliniki Januari na zahanati iko mbali anapaswa kuchagua kati ya kadi na jembe. Kiangazi kikifika, wafugaji wanahama na mifugo kutafuta maji na malisho, na watoto wanakwenda nao.

Pili ni namna tunavyopokelewa. Hatupendi kuficha. Wako akina mama waliotembea saa tatu, wakaambiwa, "Rudi Jumatano, watoto leo ni wachache." Sababu yake iko: chupa ya chanjo ya surua huwa na dozi kadhaa, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haikai zaidi ya saa sita, kisha hutupwa. Chanjo nayo hutunzwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na hayo ni mambo ya gharama. Lakini sisi tunawaambia ndugu zetu wauguzi kwa heshima: dozi chache zikimwagika ni hasara ndogo kuliko mama aliyerudishwa ambaye hatakuja tena. Na mama aliyechelewa, au aliyepoteza kadi, asigombezwe mbele ya wenzake. Aliyekuja amekuja. Mchanjeni.

Tatu, na hii ni yetu wenyewe, ni kwamba kadi tumeiachia mama. Baba anajua tarehe ya kuchanja ng'ombe homa ya mapafu, anajua na bei ya dawa ya kuogeshea, lakini ukimwuliza mwanae anadai chanjo gani anasema, "Mwulize mama yake." Tunayasema haya bila kumdharau mtu. Mwenye kujua thamani ya chanjo ya ndama hawezi kukosa akili ya kujua ya mtoto.

TUFANYE NINI

Mtakatifu Yosefu hakusema, "Hayo ni mambo ya mama." Siku 40 zilipotimia, yeye na Maria walimchukua Mtoto wakampeleka pamoja Hekaluni, nasi tunaiadhimisha safari hiyo kila tarehe 2 Februari tukiwa na mishumaa mkononi. Siku 40 na wiki 6 hupishana kwa siku mbili tu. Mama anayemaliza arobaini yake na kutoka nje na mtoto, safari yake ya kwanza iwe kliniki, na baba awe njiani pamoja naye. Kama shamba halimruhusu, basi walau tarehe inayofuata aijue kwa kichwa.

Kwa upande wa jumuiya, tunapendekeza jambo dogo lisilohitaji fedha. Katika sala ya jumuiya, mara moja kwa mwezi, mwenyekiti aulize: nani ana mtoto anayefikisha wiki 6? Nani anafikisha miezi 9? Nani anafikisha miezi 18? Nani ni mjamzito na bado hajaanza kliniki? Kisha watu wapatane. Wawili wamlimie mama huyo siku ya kliniki. Mwenye baiskeli au pikipiki ampeleke. Dada wa WAWATA abaki na watoto wakubwa. Tunajua kuchangiana kwa msiba, na tunafanya vizuri. Tujifunze kuchangiana kabla ya msiba.

Makatekista nao, wanapowafundisha wazazi kabla ya ubatizo, waulize habari za kadi kama ndugu anavyouliza. Tuseme wazi: kadi isiwe sharti la sakramenti, wala mtoto asikoseshwe ubatizo kwa sababu ya chanjo. Ni swali la upendo tu. Na siku ya huduma ya mkoba, wauguzi wanapokuja kuchanja chini ya mti au katika shule ya kigango, itangazwe kanisani Jumapili iliyotangulia, na mikutano yetu isiangukie siku hiyo.

Familia zinazohama na mifugo zichukue kadi safarini kama zinavyochukua kibuyu cha maji. Chanjo za kawaida hutolewa bila malipo katika zahanati za serikali, na mtoto wa Chemba anaweza kuchanjwa Manyoni akiwa na kadi yake.

Wako watakaosema kwamba kuulizana kadi ni kuingilia mambo ya ndani ya nyumba za watu. Tunawaelewa, na ndiyo maana tunasema pasiwe na kutajana majina kwa aibu. Lakini surua haibishi hodi. Mtoto ambaye hakurudi miezi 18 anakaa benchi moja kanisani na kichanga cha miezi sita ambaye bado hajafikia umri wa kuchanjwa. Hapo mambo ya ndani yamekwisha kutoka nje.

Na magonjwa huweza kurudi. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini mwetu alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 tukathibitishwa kuwa salama. Lakini Februari 2022 jirani zetu Malawi walitangaza kuwa imewarudia, nasi mwaka huohuo tukalazimika kupita nyumba kwa nyumba na matone. Ndui peke yake ndiyo iliyokwisha kabisa. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kuwa haipo tena, kwa sababu kazi yake ilifuatwa mpaka mgonjwa wa mwisho. Haikuachwa njiani.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa Tanzania wenye miezi 12 hadi 23, robo tatu walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Robo moja hawakukamilisha. Katika kila watoto wanne waliokuwa wakicheza uani kwetu wakati huo, mmoja kadi yake ilikuwa na nafasi wazi. Wengi wao si watoto wa wazazi wabaya. Ni watoto wa wazazi waliochoka, waliohama, waliorudishwa, au waliodhani wamemaliza.

Sasa rudini kwenye kadi mliyoiweka mezani. Kama nafasi ya miezi 18 imejaa, mshukuruni Mungu, kisha mwulizeni jirani ya kwake. Kama iko wazi, msiirudishe sandukuni. Iwekeni mahali ambapo baba na mama wote wataiona kesho asubuhi.